Kunyoosha shingo ya gitaa la besi: pima kwanza, ndipo uguse trasi rodi

Wapigaji wengi wa besi ninaowafahamu, wa kwaya na wa bendi za dansi, wakiona nyuzi zimepanda mbali na freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, hutafuta alenki (ufunguo wa pembe sita) na kuanza kukaza trasi rodi. Ninawasihi waache desturi hiyo. Trasi rodi ni ufito wa chuma uliofichwa ndani ya shingo, chini ya ubao wa freti, na kazi yake ni kushindana na mvuto wa nyuzi, kwa sababu nyuzi nne za besi ya kawaida zikishatyuniwa huivuta shingo kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 70, mzigo ambao mbao peke yake haiwezi kuuhimili miaka yote. Kimo cha nyuzi hurekebishwa darajani, pale nyuzi zinapokalia kwenye mwili wa gitaa, kwa skrubu ndogo zinazoinua na kushusha vikalio vya nyuzi. Anayeshusha nyuzi kwa trasi rodi huipindua shingo kwa nyuma, kisha hushangaa kwa nini noti za freti za kwanza zinakwaruza.

Shingo nzuri haiwi imenyooka kabisa. Uzi wa besi ni mnene na hutikisika kwa upana mkubwa, hivyo shingo huhitaji mbonyeo mdogo katikati ili uzi upate nafasi ya kucheza bila kugonga freti. Mbonyeo huo ndio unaopimwa, na hapa ndipo ninapotaka msomaji asiwe na haraka. Tyuni gitaa kama unavyolipiga kila siku, kisha lishike katika mkao wa kupiga, wala usililaze mezani kichwa chake kikiwa kimeegemea kitu, kwa maana shingo nayo itasukumwa na kipimo kitakudanganya. Funga kapo (kibanio cha kubana nyuzi shingoni) kwenye freti ya kwanza na ubonyeze uzi mnene kwenye freti ya mwisho. Uzi huo sasa umekuwa rula iliyonyooka. Tazama nafasi iliyobaki kati yake na freti ya saba au ya nane. Kampuni ya Fender hupendekeza takriban milimita 0.30 kwa shingo zake nyingi za kisasa, na 0.35 kwa zile za mtindo wa zamani zenye ubao wa freti wa mviringo zaidi. Mimi hupimia fila geji, vibamba vyembamba vya chuma vyenye unene unaojulikana, ile ile ambayo mafundi wa magari huitumia kupimia tapeti, nayo hupatikana katika maduka ya vipuri. Asiyekuwa nayo anaweza kushikanisha karatasi tatu za kawaida za printa, ambazo kwa pamoja hukaribia milimita 0.3.

Kabla ya kuzungusha chochote, hakikisha alenki inaingia barabara kwenye bolti ya trasi rodi. Besi nyingi za Fender zilizotengenezwa Marekani hutumia kipimo cha inchi 3/16, ambacho ni sawa na milimita 4.76, ilhali maduka yetu huuza zaidi alenki za milimita. Ile ya 4.5 itaingia, lakini italegea ndani na kuitafuna bolti, na bolti iliyotafunwa ndani ya shingo ni kazi ya gharama.

Ukiitazama bolti uso kwa uso, kuizungusha kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa hukaza ufito, shingo hurudi nyuma na nafasi hupungua. Kinyume chake, ufito hulegea, nyuzi huivuta shingo mbele na nafasi huongezeka. Ukikusudia kukaza, legeza nyuzi kidogo kwanza. Usizidishe robo ya mzunguko kwa mara moja, na kwangu nusu ya robo hiyo hutosha mara nyingi. Tyuni upya, pima tena, kisha liache gitaa hadi kesho yake upime mara nyingine, kwa sababu mbao huchelewa kutulia.

Pima pia kila unapobadilisha unene au aina ya nyuzi, na kila gitaa linapohama kutoka unyevu wa Pwani kwenda bara kukavu. Mkwaruzo ukisikika tu kuanzia freti ya 12 kuelekea mwili wa gitaa, chunguza kimo cha nyuzi darajani kabla ya kugusa shingo. Shingo ikikaa sawa, ndipo upange kimo hicho, na mwisho kabisa ulinganishe sauti ya uzi ulio wazi na ya freti ya 12.

Bolti ikigoma kuzunguka, usiilazimishe. Huenda imefika mwisho wa mikato yake ya skrubu, na fundi wa magitaa anaweza kuifungua, kuongeza washa (kipete cha chuma) na kuirudisha. Ukiikaza kwa nguvu, ufito unaweza kukatika ndani, na hapo ubao wa freti hubanduliwa au shingo nzima hubadilishwa.