Mafuta ya karai kuwa dizeli ya boti

Dada wa Malindi, nimekuelewa: unakaanga viazi karai na samaki, kila wiki unabaki na mtungi wa lita 20 wa mafuta yaliyochakaa, na shemeji anataka myageuze dizeli ya boti.

Kwanza muulize, mashine yake ni ya dizeli kweli? Nyingi za kufunga nyuma ya boti huku kwetu ni za petroli, na hizo hazitakubali kabisa.

Kuitengeneza dizeli hiyo kunasikika kama kupika sabuni: mafuta, methanoli (aina ya spiriti) na kostiki soda, moto wa nyuzi 55 hivi, gliserini inazama chini. Lakini methanoli hupofusha, huua, na mvuke wake hudaka moto upesi. Karibu na jiko la makaa usithubutu. Akishikilia, atafute fundi wa kemia na apitie EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, kabla ya kuuza hata lita moja.

Mimi ningekusanya mafuta machakavu yenyewe na kuyauza. Yaache yapoe, chuja kwa leso kuukuu, tia kwenye mtungi mkavu wenye kifuniko. Maji ndiyo adui; niliwahi kutumia mtungi niliouosha asubuhi ile ile, mnunuzi akakataa wote. Usichanganye na oili ya gari. Ungana na wakaangaji wenzio mpate mzigo wa maana, na mnunuzi akuonyeshe leseni ya kubeba taka ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Asiyetaka kusema anayapeleka wapi, mnyime: huenda yakarudi sokoni kama mafuta ya kupikia.