Laini ya Tanga, kufuli la Marekani

Meza ya Fundi: barua za wasomaji

SWALI: Mwanangu fundi, hujambo? Mimi ni mstaafu, naishi Chumbageni, Tanga. Mwezi wa nne mwanangu wa kiume anayefanya kazi Houston alikuja likizo. Siku ya kuondoka akaniachia simu yake, iPhone 13, maana yeye amechukua nyingine. Tumemsindikiza, narudi nyumbani, natoa laini kwenye kitochi changu naitia humo, simu inaniandikia "SIM Not Supported". Mjukuu akajaribu laini yake ya mtandao mwingine, yale yale. Picha inapiga, WhatsApp kwa Wi-Fi ya jirani inakwenda, ila kupiga haipigi na M-Pesa sipati. Fundi wa hapa mjini anasema simu ina loki, nimpe shilingi 80,000 anitilie kijikadi fulani. Mwanangu anaapa kwamba simu ni nzima, labda laini zetu ndizo mbovu. Nimsikilize nani?
Bibi wa Chumbageni

JIBU: Shikamoo mama. Laini zenu ni nzima na simu ni nzima. Fundi wako kautaja ugonjwa sawasawa, lakini dawa yake usiinunue. Nitakwambia kwa nini, maana dawa hiyo mimi mwenyewe nimewahi kuiuza.

Kule Marekani watu wengi hawanunui simu kwa kuhesabu noti kaunta kama tunavyofanya Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Wanaichukua kwenye kampuni ya mtandao na kuilipia kidogo kidogo ndani ya bili ya mwezi, miaka miwili, hata mitatu. Kampuni inachelea mteja asije akabeba simu akahamia kwa mshindani kabla ya kumaliza deni, kwa hiyo inaifunga isipokee laini isiyo yake. Mwanao anaweza kukaa na simu hiyo miaka yote bila kulijua kufuli, kwa kuwa hajawahi kutia laini nyingine. Hata alipokuwa Tanga, laini yake ya Houston ilishika minara yetu kwa romingi na simu ikaita kama kawaida. Kwa hiyo hakudanganyi, mama. Yeye hajawahi kugonga mlango huo, atajuaje kama umefungwa?

Sasa kubwa lenyewe: kufuli hilo haliko ndani ya simu. Ukitia laini mpya, iPhone inauliza kwenye kompyuta za Apple, "Mimi mwenye IMEI hii (namba ya utambulisho ya kila simu) naruhusiwa mtandao gani?" Jibu linarudi kwamba ni mtandao fulani tu. Fundi aiflash (aipakie programu upya), aifute, abadilishe kioo na betri, jibu litabaki lilelile mpaka kampuni iliyoiuza iseme sasa iachieni. Apple wenyewe hawaifungui bila neno la kampuni hiyo.

Fanya hivi. Ingia Settings, kisha General, kisha About, shuka mpaka palipoandikwa Carrier Lock. Simu iliyo huru inaandika "No SIM restrictions". Yako nadhani itasema vingine. Halafu bonyeza *#06# kama unayepiga simu. Hata bila laini, namba ya IMEI itatokea. Mwambie mjukuu aipige picha amtumie mwanao. Kuanzia hapo kazi ni ya mwanao, kwa kuwa akaunti ni yake. Aingie kwenye tovuti ya kampuni aliyoinunulia, au awapigie huduma kwa wateja, aombe simu ifunguliwe kwa mitandao mingine. Watatazama kama deni limekwisha. Ikiwa alikuwa bado analipa alipokuachia, amalizie kwanza, hakuna njia ya mkato. Watatazama pia kama simu haijaripotiwa kupotea. Wako vijana wanaoripoti hivyo walipwe bima, kisha simu ileile wanampelekea mzazi nyumbani. Sisemi mwanao ni mmoja wao, ila muulize taratibu.

Asiogope kuomba. Tangu Agosti 2014, Rais Obama aliposaini sheria ya kuruhusu wateja kufunguliwa simu zao, hili ni jambo la kawaida huko, na kampuni kubwa hazitozi kitu.

Wakishamjibu kwamba imefunguliwa, unganisha simu na Wi-Fi ya jirani, tia laini, subiri. Mara nyingi inakubali hapo hapo. Ikikataa, simu inabidi ifutwe na kuanzishwa upya, lakini usimruhusu mtu kuifuta kabla mwanao hajatoa humo akaunti yake ya iCloud, ile ya Apple. Hilo ni kufuli la pili na halihusiani na mtandao. Simu ikifutwa akaunti yake ikiwa bado imo, itadai nywila ya mwanao, na wakati kwako ni mchana, kwake ni alfajiri, amelala.

Kijikadi sasa. Mafundi tunakiita R-SIM. Ni chembamba kama gamba la dagaa, kinalazwa chini ya laini kwenye kile kitreyi, na kazi yake ni kuidanganya simu kwamba laini iliyotiwa ni ya kampuni ya Marekani. Mwaka 2017 nilimtilia kijana mmoja aliyekuwa akisafiri kwenda Mwanza. Nilimhesabia namba za kuingiza, mnara ukapanda, akacheka, akanilipa, akanipa mkono. Usiku ule simu ikajisasisha yenyewe. Alfajiri yuko Ubungo ndani ya basi, mnara hakuna, anayempokea Mwanza hawezi kumpata. Aliporudi alikuja kibandani na simu mkononi, hakutukana, aliiweka tu mezani akanitazama. Nilimrudishia pesa yake yote. Kikadi kile hufanya kazi mpaka siku kisipofanya, na siku hiyo huijui.

Kuna wanaosema, basi tumia eSIM, laini isiyo na kadi inayopakiwa ndani ya simu, haina haja ya kutia kitu. Hapana. eSIM ni laini kama laini nyingine, simu iliyofungwa inaikataa vilevile. Na una bahati ni iPhone 13: kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022, zile zinazouzwa Marekani hazina hata tundu la kutia laini.

Kwa sasa rudisha laini yako kwenye kitochi, upate M-Pesa yako kwa *150*00# kama zamani. Mjukuu akija awashe hotispoti kwenye simu yake, hiyo ya mwanao ipate intaneti, muendelee kuonana na wajukuu wa Houston.

SWALI: Kaka fundi, naishi Reading, Uingereza, na Desemba nakuja Zanzibar na wanangu wawili. Simu yangu niliichukua kwa mkataba kwenye kampuni ya mtandao mwaka 2023, mkataba haujaisha. Itakubali laini ya nyumbani? Nyingine ni kuukuu, ya mwaka 2019, anaitumia mwanangu mkubwa.
Mama Wawili

JIBU: Yako itakubali, dada. Ofcom, wasimamizi wa mawasiliano wa huko, walizipiga marufuku kampuni kuuza simu zilizofungwa kuanzia Desemba 2021. Mkataba wako hauzuii laini nyingine, wewe endelea tu kulipa bili. Hiyo ya 2019 ndiyo ya kuipima, na upime kabla hujafunga masanduku: mwombe rafiki laini ya mtandao tofauti, itie, jaribu kupiga. Ikikataa, uko jirani na waliokuuzia. Ukiligundua Malindi bandarini, utawapigia kwa romingi, na dakika zake unazijua.

Laini ya Uingereza usiitoe kabisa. Kama simu yako inabeba laini mbili, ya Uingereza ibaki, data ya romingi uizime, na laini ya hapa iwe ya intaneti. Benki yako itatuma namba za siri kwenye laini ya zamani, na watu wengi hulikumbuka hilo wakiwa Paje kadi ikikataa. WhatsApp ikikuuliza kama ubadilishe namba, kataa.

Laini inunue dukani kwa wakala, na pasipoti mkononi, uweke alama za vidole. Vijana wa bandarini wanaokuuzia laini "iliyokwisha sajiliwa" wamekuuzia jina la mtu mwingine. Ukipata yako, bonyeza *106# uone imesajiliwa kwa nani.

SWALI: Fundi, mambo! Nimepata nafasi ya kusoma Uturuki, naondoka mwezi wa tisa. Simu yangu nimeichukua kwa mkopo wa mtandao wa hapa Dar, kila siku nakatwa 1,500, zimebaki kama miezi minne. Nikifika huko nikitia laini yao itashika?
Mwanafunzi wa Mbagala

JIBU: Poa, mdogo wangu, na hongera. Una mambo mawili na yote yana tarehe.

La kwanza ni mkopo. Kufuli la simu za mkopo za kwetu kwa kawaida halitazami laini, linatazama malipo: ndani mna programu inayofunga kioo ukichelewa. Ukiwa Ankara, laini ya nyumbani haina salio na hakuna wa kukulipia, utaamka na picha ya kukudai badala ya ramani ya chuo. Maliza deni kabla ya kupanda ndege, hata kwa kukopa kwa shangazi, na uombe programu hiyo iondolewe mbele ya macho yako.

La pili wengi hawaambiwi. Uturuki simu iliyotoka nje inatumika na laini ya Kituruki kwa siku 120 tu. Zikipita, IMEI inazimwa kwenye mitandao yao, isipokuwa uisajili na kulipia ada. Ada hiyo nimeiona ikizidi bei ya simu nyingi tunazouza Kariakoo, kwa hiyo kwa simu ya mkopo wa 1,500 kwa siku sidhani kama inakulipa. Laini yako ya Tanzania ikiwa kwenye romingi haizimwi, na Wi-Fi ya bweni haizimwi. Kinachozimwa ni kutumia laini yao.

Ukiingia mwezi wa tisa, siku hizo zitakwisha mwezi wa kwanza, katikati ya baridi na mitihani. Tenga pesa ya simu ndogo ya huko tangu sasa. Hii ya kwako ibaki ya Wi-Fi na laini ya nyumbani ya kuongea na mama.