Ofa imejifuta, ikaja nyingine kama ileile: nithibitishe?

SWALI: Salaam, fundi. Nacheza Counter-Strike 2, gemu ya kufyatuliana risasi kwenye kompyuta, niko Mombasa. Rafiki yangu wa siku nyingi aliniomba nimwazime kisu changu cha ndani ya gemu acheze nacho kwa wiki mbili. Nikamtumia ofa, yaani ombi la kumhamishia kisu, kwenye Steam, jukwaa ambalo gemu hii inachezewa, mara ikajifuta, na papo hapo ikatokea nyingine yenye jina lake na picha yake. Sasa simu inaningoja nithibitishe. Nimempigia, anasema hajagusa kitu. Wiki iliyopita kuna jamaa wa Discord, programu ya kuzungumza ya wachezaji, aliniomba niingie kwenye tovuti fulani nipigie kura timu yao, nikaingia; sijui kama linahusiana. Na siku nikitaka kuuza skini zangu (mapambo ya silaha za ndani ya gemu) kwa M-Pesa, nifanyeje nisiibiwe?

JIBU: Usithibitishe. Fungua programu ya Steam kwenye simu, ikatae ofa hiyo, kisha urudi tuendelee. Aliye upande wa pili si rafiki yako. Ulifanya la maana sana kumpigia simu. Nimewahudumia vijana kadhaa waliokuja baada ya kubonyeza, na hapo kazi yangu inakuwa kuwaeleza tu jinsi kisu kilivyoondoka.

Linahusiana, tena moja kwa moja. Kura ile ndiyo mlango aliopitia mwizi. Tovuti za namna hiyo hukuambia uingie kwa akaunti ya Steam, halafu hukuletea kidirisha kinachofanana na cha Steam mpaka anwani iliyoandikwa juu yake. Lakini kidirisha chote ni mchoro uliomo ndani ya ukurasa. Siku nyingine kikamate kwa kipanya ukiburute nje ya kivinjari: kidirisha cha kweli kitatoka, mchoro utagota ukingoni. Dalili nyingine ni hii: kama ulikwisha kuingia steamcommunity.com kwenye kivinjari hichohicho, Steam halisi hukuonyesha jina lako na kitufe cha kuendelea. Haikuombi nenosiri upya. Ukiombwa, funga. Msimbo wa QR nao si salama kwa sababu tu huandiki nenosiri, kwani ukiuskani kwa programu ya Steam kutoka ukurasa wa tapeli, unamfungulia yeye akaunti yako.

Akishaingia hachukui kitu siku hiyo. Hawezi, kwa sababu kila kitu kinachotoka kinahitaji uthibitisho wa simu yako. Kwa hiyo hutulia. Huacha programu yake ikitazama ofa zako usiku na mchana, wakati mwingine kwa kutumia ufunguo wa API wa akaunti yako mwenyewe, yaani msimbo unaoruhusu programu nyingine kufikia akaunti hiyo. Siku ukimtumia mtu kitu, programu hiyo hufuta ofa yako, hubadilisha jina na picha ya akaunti ya boti (akaunti ya mwizi inayoendeshwa na programu) ili zifanane na za rafiki yako, kisha hutuma ofa ileile kwenda kwa boti. Yote haya ni sekunde chache. Wewe unadhani mtandao umesumbua, unathibitisha. Ndiyo maana huibia watu ofa za upande mmoja kama yako, ambazo mtu anatoa bila kutarajia kupokea chochote: hakuna kitu cha upande wa pili cha kukushtua kwa kukosekana.

Jina na picha huigwa na yeyote. Tarehe ambayo akaunti ilifunguliwa haiigiki, na ngazi ya Steam haipandi kwa sekunde chache. Vyote viwili huonekana unapotazama undani wa ofa. Mwambie rafiki yako akusomee vyake kwenye simu, kwa sauti, ulinganishe na unachokiona.

Sasa safisha akaunti, na ufuate mpangilio huu. Anza kwa kubadilisha nenosiri ukitumia kifaa unachokiamini. Kisha nenda kwenye mipangilio ya Steam Guard, ulinzi wa kuingia wa Steam, uviondoe vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, kwa sababu nenosiri jipya pekee haliniridhishi kwamba mgeni ametoka. Halafu fungua steamcommunity.com/dev/apikey. Mchezaji wa kawaida hana haja na ufunguo wa API, kwa hiyo ukiukuta pale, ufute. Mwisho tengeneza upya kiungo chako cha kupokea ofa. Baada ya hapo ndipo umtumie rafiki yako kisu. Ila mjue kwamba baada ya kukipokea hataweza kukirudisha mpaka siku saba zipite.

Siku saba hizo ndizo kinga kubwa uliyo nayo. Tangu Julai 2025, kitu cha Counter-Strike 2 kilichohamishwa kwa ofa hukaa chini ya ulinzi kwa siku 7. Aliyekipokea anaweza kuchezea nacho lakini hawezi kukihamisha, na aliyekitoa anaweza kukirudisha kupitia historia yake ya mabadilishano. Gharama ipo: hurudishi ofa moja unayoichagua, zinarudi zote za siku hizo, na akaunti yako inafungiwa kubadilishana na kuuza sokoni kwa siku 30. Hata hivyo, kwa aliyeibiwa ni nafuu kubwa. Siku saba zikipita usitegemee huduma kwa wateja, kwa sababu Steam hawarudishi vitu vilivyoondoka kwa utapeli. Na akikutafuta mtu Discord akidai ni mfanyakazi wa Valve, kampuni yenye Steam, eti umeripotiwa kwa bahati mbaya na uhamishe skini zako zikaguliwe, ni tapeli. Valve hawafanyi kazi hivyo.

Kuhusu kuuza, njia iliyo salama ni soko la Steam lenyewe. Mnunuzi hulipa asilimia 15 juu ya kile unachopata wewe, 5 ya Steam na 10 ya gemu, na fedha hubaki kwenye pochi ya Steam. Hazitoki kuja M-Pesa. Naelewa kwa nini hilo halikutoshi.

Ukiuza nje ya soko, ujumbe wa malipo si malipo. Ujumbe wa kughushi hutengenezwa kirahisi, na picha ya skrini ndiyo kabisa. Tazama salio lako mwenyewe kwa *334#. Hata fedha zikiingia kweli, aliyezituma anaweza kuomba zirudishwe kwa kupeleka ujumbe ule kwa 456, akidai alikosea namba, nawe ukabaki unajieleza. Andikianeni mapema mnachouziana na bei yake, na uhifadhi mazungumzo hayo. Mtu wa kati aliyeletwa na mnunuzi mkatae bila kujieleza; mara nyingi ni mwenzake.

Nakuomba pia umfikirie mnunuzi. Kwa siku saba wewe una uwezo wa kula fedha zake na kukirudisha kisu, naye analijua hilo. Mnunuzi mwaminifu atataka kulipa baada ya siku hizo, au alipe nusu kwanza, na si haki kumwona tapeli kwa kuomba hivyo. Kwa sababu hiyo mimi huwaambia vijana wauze kwa mtu wanayemjua kwa sura, wa mtaani au wa chuoni, ambaye kesho watakutana naye tena. Kwa mgeni wa Discord asiye na sura wala sauti, singeuza hata skini ya bei ndogo.