Maswali ya Wasomaji: Watoto, Maji na Kinu Ghorofani

Barua nyingi za safari hii zimetoka Dar es Salaam, kwa familia zilizoacha nyumba yenye uwanja zikahamia kwenye fleti. Karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: kazi zilizokuwa zikifanyika uani, sasa zifanyikie wapi?

SWALI: Tumepanga fleti ghorofa ya 4. Maji yanakatika, na pampu ya jengo ikikosa umeme ndiyo basi tena. Baba watoto anataka kuweka tenki la lita 500 kwenye balkoni. Kule Tabata tulikuwa na la lita 2,000 nje na halikutusumbua. Kuna ubaya? (Mama wa watatu, Upanga)

JIBU: Mwambie baba watoto asubiri. La Tabata lilikaa juu ya ardhi. Hili litakaa juu ya zege linaloning'inia. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tenki likijaa ni nusu tani. Kitako chake kina upana wa sentimita 80 hivi, yaani eneo la nusu mita ya mraba. Hapo umeweka mzigo sawa na tani nzima kwa mita ya mraba, wakati sakafu za nyumba za kuishi kwa kawaida husanifiwa kubeba kilo 150 hadi 200 za watu na vyombo. Hata kama mhandisi alikuwa mkarimu akaongeza mara mbili, bado umepita mbali.

Balkoni ina udhaifu mwingine. Nyingi zimechomoza ukutani kama mkono ulionyooshwa, bila nguzo upande wa nje. Nondo zinazoishikilia hukaa sehemu ya juu ya zege, si ya chini kama ilivyo kwenye sakafu ya kawaida ya chumba. Siku ya kumwaga zege, mafundi wakizikanyaga zikashuka, nguvu hupungua sana, na plasta ikishapigwa hakuna anayeweza kuliona kosa hilo. Ukiona ufa kwenye sakafu ya balkoni, pale inapokutana na ukuta wa nyumba, toa kila kitu, funga mlango na umwite mhandisi. Fundi wa kuziba kwa saruji hatakusaidia.

Sasa hesabu ya maji yenyewe. Kwa kubana, mtu mmoja anahitaji lita 20 kwa siku: kunywa, kupika, kuosha vyombo na kuoga kwa kopo. Mkiwa watano, siku 2 ni lita 200, yaani madumu 10 ya lita 20. Yagawe: matano bafuni, matano jikoni, kwa mstari mmoja mguuni pa ukuta, kamwe si rundo katikati ya chumba. Maji ya choo tumia yale ya suuza ya mwisho ya nguo. Kila dumu liwe na kifuniko, kwa sababu mbu wa dengi hupenda maji masafi yaliyosimama ndani ya nyumba, na jiji hili lilipata mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena 2019. Ndoo iliyo wazi isiachwe sakafuni palipo na mtoto anayetambaa. Maji ya kina cha kiganja yanatosha kumzamisha.

SWALI: Ghorofa yetu ni ya juu kabisa. Walio chini wana maji ya kasi, sisi mashine ya kufua inajaa kwa nusu saa, na tenki la jengo liko juu ya vichwa vyetu! (Mpangaji, Kariakoo)

JIBU: Ni kwa sababu hiyo hiyo kwamba liko juu ya vichwa vyenu. Maji yanayoshuka hupata presha ya baa 1 kwa kila mita 10 za mteremko. Kama tenki liko mita 3 juu ya bomba lenu, mna baa 0.3 tu, aliye ghorofa tano chini yenu ana karibu baa 1.8. Dawa ni pampu ndogo ya kuongeza presha, ifungwe kwenye bomba linaloshuka kuja kwenu kutoka tenki la juu, iwe na swichi inayoiwasha maji yanapotembea na kuizima yanaposimama. Kabla ya hapo safisha kichujio kidogo kilichopo nyuma ya mashine, mahali mpira wa maji unapoingia. Mchanga ukijaa pale, pampu yoyote itaonekana mbovu.

SWALI: Nina mtoto wa mwaka mmoja na nusu na mwingine wa miaka 4. Ukingo wa balkoni ni mabomba yaliyolala. Niufanyeje? (Mama Wawili, Kinondoni)

JIBU: Mabomba yaliyolala ni ngazi. Mtoto wa miaka 4 anaipanda kabla hujamaliza kuchota chai. Ukingo mzuri una vyuma vilivyosimama, nafasi kati ya kimoja na kingine haifiki sentimita 10 (kichwa cha mtoto kisipenye), na kimo chake ni sentimita 110 au zaidi. Kimo hicho kipimwe kuanzia juu ya chochote anachoweza kusimamia mtoto. Kiti cha plastiki cha sentimita 40 kikisogezwa pale, umebakiwa na 70, na kifua chake kimeshapita. Kwa hiyo viti, ndoo zilizogeuzwa, vyungu vya maua na yale madumu tuliyoyataja juu visikae balkoni hata kwa saa moja.

Kwa mabomba yaliyopo, funika upande wa ndani kwa vibao vya plastiki ngumu inayopitisha mwanga, au wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi sentimita 2.5. Matundu ya sentimita 5 yanaingiza vidole vya mguu, na hapo umemjengea ngazi nyingine. Funga kwa bolti zinazopenya na nati kwa nyuma. Usikubali waya wa kufungia nondo: upepo wa bahari una chumvi, na waya ule huoza mapema. Omba kwanza ruhusa ya uongozi wa jengo, maana sura ya nje si yako peke yako.

Wavu wa mbu dirishani haumzuii mtoto. Dirisha la aluminiamu la kusukuma liwekewe kizuizi kwenye reli ili lisifunguke zaidi ya sentimita 10. Ukichagua grili, angalau moja katika fleti iwe na mlango, na ufunguo uning'inie mahali pamoja siku zote, juu ya mtoto lakini karibu na mkono wako gizani. Moto ukiwaka, piga 114 na usiguse lifti.

SWALI: Jirani wa chini amelalamika mara tatu kuhusu kinu. Wengine wanasema nibandike jipsamu. (Bibi wa wajukuu, Upanga)

JIBU: Shikamoo bibi. Jipsamu kwenye dari lako haitamsaidia aliye chini. Sauti ya mchi haipiti hewani, inapita ndani ya zege, kwa hiyo ikatwe pale inapoingia. Weka kipande cha mpira mzito wa sentimita 2 au 3 chini ya kinu, juu yake ubao, halafu kinu. Kisogeze karibu na kona ya kuta, mbali na katikati ya chumba ambako sakafu hutikisika zaidi. Hakitanyamaza, lakini kitapungua. Kisamvu kitwangwe mchana.

SWALI: Gesi iwekwe wapi, na mkaa je? (Msomaji, Mikocheni)

JIBU: Mtungi usimame wima, mahali penye hewa, mbali na tundu la kutolea maji sakafuni. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa chini na kujikusanya humo. Kila ukibadilisha mtungi paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu, gesi inavuja: funga mtungi. Jiko la mkaa lisiwashwe ndani kabisa, hata dirisha likiwa wazi. Moshi unaouona si ndio unaoua. Sumu yake haina rangi wala harufu.

SWALI: Nataka kununua fleti ya vyumba 3. Dalali anasema ada ya huduma ni ndogo. Nifurahi? (Baba Mtarajiwa, Ubungo)

JIBU: Ada ndogo ni swali, bado si jibu. Uliza inalipia nini: mlinzi, usafi, pampu, matengenezo ya lifti, dizeli ya jenereta. Kisha uliza kama kuna akiba ya kubadilisha lifti na kupaka rangi, na ni wangapi wanadaiwa. Tangu sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu ya jengo, fleti inaweza kuwa na hati yake. Taka kuiona, si ahadi kwamba "inashughulikiwa". Angalia pia miaka iliyobaki kwenye hati ya kiwanja. Na kama alikuonyesha Jumapili asubuhi, rudi siku ya kazi saa 1 jioni, panda kwa ngazi, na fungua bomba.