Niache Uhasibu Nikafuge Kuku?

Safu ya Kazi na Maisha: barua zenu na majibu yetu

SWALI: Shikamoo mama. Nina umri wa miaka 36, ni mhasibu katika kampuni binafsi jijini Dar es Salaam, na huu ni mwaka wangu wa kumi na moja katika kazi hii. Miaka mitatu iliyopita nilipandishwa cheo nikawa mhasibu mwandamizi, mshahara ukaongezeka vizuri, nikadhani sasa nimefika. Badala yake, kila Jumapili jioni moyo huwa mzito na usiku huo silali. Zamani nilishughulika na malipo ya wazabuni na kusikiliza malalamiko yao dirishani. Sasa natengeneza ripoti ambazo sijui nani anazisoma. Mwezi wangu wote umegawanywa na tarehe: tarehe 7 kodi za mishahara, tarehe 20 ritani za kodi ya ongezeko la thamani (VAT), kisha kufunga hesabu za mwezi, kisha tunaanza upya. Sijachukua likizo kwa miaka miwili, kwa sababu meneja wangu husema kila mara kwamba huu si wakati wake. Shemeji yangu anafuga kuku wa nyama Kibaha na ananishauri niache kazi niungane naye. Nimekwisha kupiga hesabu za banda, vifaranga, chakula na chanjo, na zinalipa. Mama yangu akisikia habari hizi hulia, akinikumbusha kwamba waliuza shamba ili nisome. Kitu pekee kilichonifurahisha mwaka huu ni siku niliyowasaidia akina mama wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa cha mtaani kwetu, kupiga hesabu za kuvunja kikoba, yaani kugawana akiba ya mwaka. Tulimaliza saa nne usiku na sikuhisi uchovu. Je, ni kosa kutaka kazi inayonipa furaha?
Mwenye Moyo Mzito, Tabata

JAWABU: Marahaba, mwanangu. Si kosa hata kidogo, kwa kuwa saa ambazo mwajiriwa huziacha kazini ndizo saa zake bora, akiwa macho na akiwa na nguvu, na hakuna atakayemrudishia. Lakini barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nilijikuta nimesimama mahali ambapo sidhani kama ulitaka nisimame. Kuhusu kuku umeniandikia banda, vifaranga, chakula na chanjo, ukamalizia kwamba hesabu zinalipa. Hukusema hata mara moja kwamba unapenda kufuga. Kuhusu akina mama wa VICOBA umeandika sentensi mbili tu, nazo ndizo sentensi pekee katika barua nzima ambazo ndani yake hukuchoka. Tena kazi uliyoifanya usiku ule ilikuwa uhasibu.

Unadhani umeuchoka uhasibu, nami naona umechoshwa na uhasibu usio na watu. Usiku ule palikuwa na mama aliyenunua hisa zake kila wiki kwa fedha ya vitumbua, palikuwa na mikopo ambayo haijarejeshwa, na mfuko wa jamii ambao lazima utengwe kabla ya mgao. Ulipomaliza, kila mmoja aliondoka na fungu lake akijua limetokana na nini, na uso wake uliuona. Ripoti ya mwisho wa mwezi ina jumla na toa zilezile, lakini hakuna uso upande wa pili.

Haya nayajua kwa kuwa yamenipitia. Nilikuwa karani wa mishahara katika taasisi moja kwa miaka tisa, na katika mwaka wa sita nilikuwa kama wewe, naingiza makato kwenye orodha huku nikitazama saa ya ukutani. Asubuhi moja mlinzi wa geti, mzee wa makamo, alikuja dirishani na hati yake ya mshahara imekunjwa mara nne hadi imechakaa kwenye mikunjo. Alisema, kwa sauti ya mtu anayeogopa kusumbua, kwamba mkopo wake alikwisha kuumaliza lakini bado anakatwa. Nilifungua majalada nikakuta ni kweli, amekatwa miezi saba ya ziada, na baadhi ya orodha za miezi hiyo nilikuwa nimeziandaa mwenyewe. Fedha zake zilirudishwa mwezi uliofuata. Alikaa kwenye benchi la nje, akazihesabu polepole, akazitenga mafungu mawili, na fungu moja akalifunga kwenye leso akisema ni la ada ya mjukuu. Tangu siku hiyo nilijipangia, kila mwezi, kukagua mikopo yote inayokaribia kwisha kabla ya orodha kutoka mezani kwangu. Hakuna aliyeniagiza na mshahara wangu haukuongezeka, lakini nilibaki pale miaka mitatu zaidi, na ilikuwa miaka mizuri kuliko ile sita ya kwanza.

Umeshangaa kwa nini nyongeza ya mshahara haikukutibu. Mwanasaikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg, pamoja na wenzake walilichunguza jambo hili kwa kuwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh, na matokeo yakachapishwa mwaka 1959. Waliwauliza ni lini walijisikia vizuri sana kazini na ni lini walijisikia vibaya sana. Ilionekana kwamba mambo yanayomuumiza mtu kazini, kama vile taratibu mbovu za kampuni, usimamizi mbaya, mshahara mdogo na mahusiano yenye ugomvi, si kinyume cha yale yanayomfurahisha. Ukiyaondoa, maumivu hupungua, lakini furaha haiji kwa sababu hiyo peke yake. Furaha ilitokana zaidi na kukamilisha jambo, kutambuliwa, kupewa dhamana, kupanda, na kazi yenyewe. Watafiti waliokuja baadaye wameyapinga baadhi ya madai hayo, ila mimi naona yanaieleza hali yako vizuri. Kupanda cheo kumo katika orodha ya yanayofurahisha, na miezi ya kwanza bila shaka kulikufurahisha. Lakini cheo chako kilikupa jina na fedha, kikakuondolea kazi yenyewe uliyokuwa ukiipenda pale dirishani.

Hata hivyo, usiamue lolote wiki hii, kwa sababu umechoka, na uchovu wako una sababu inayojulikana. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchakavu wa kazini (burnout) kuwa hali inayotokana na msongo wa muda mrefu wa kazi ambao haukudhibitiwa, si ugonjwa, na likataja dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi yako moyoni au kuidharau, na kuona kwamba huifanyi tena ipasavyo. Sikupimi kwa barua, na kama usingizi unaendelea kukukimbia nenda ukamwone daktari. Lakini miaka miwili bila likizo ni jambo la kurekebisha kwanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inampa mwajiriwa likizo yenye malipo ya siku 28 mfululizo katika kila mzunguko wa miezi kumi na miwili, na sikukuu zinazoangukia humo zinahesabiwa ndani yake. Meneja anaweza kujadiliana nawe tarehe. Hawezi kuifanya likizo kuwa fadhila. Mwandikie barua, si ujumbe wa simu, umpe tarehe mbili za kuchagua zinazoanza baada ya tarehe 20, ili asiwe na kisingizio cha ritani.

Ukirudi kutoka likizo, nunua daftari dogo na uandike humo kwa mwezi mmoja mzima wa hesabu, kuanzia tarehe 7 hadi tarehe 7. Kila jioni andika mambo mawili tu: kazi gani leo ilikufanya usahau kutazama saa, na kazi gani ilikufanya uitazame kila mara. Usiandike maoni juu ya watu, andika kazi. Nakuomba uwe mkweli hata pale daftari litakapokuonyesha kitu usichokitaka, kwa mfano kwamba kinachokuumiza si ripoti bali ni meneja mmoja, kwa kuwa dawa ya meneja ni kuhama idara au kampuni, wala haihitaji banda la kuku.

Na daftari hilo likithibitisha ninayoyahisi, nenda kwa meneja wako na ombi, wala usiende na lalamiko. Mwambie kwamba uandaaji wa awali wa ripoti fulani unaweza kufundishwa kwa mhasibu aliye chini yako, nawe ukabaki na kuipitia. Halafu urudishiwe usuluhishi wa hesabu za wazabuni, au ukabidhiwe kuwafundisha makarani wapya. Nimeona maombi ya namna hii yakikubaliwa mara nyingi kuliko waombaji walivyotarajia, kwa sababu hayamgharimu mwajiri fedha. Na kama atakataa, utakuwa umejua jambo la maana kuhusu mahali ulipo.

Sasa kuhusu kuku. Sina dharau na ufugaji, umewasomesha watoto wengi. Ila kabla ya kuacha mshahara, nenda Kibaha Jumamosi sita mfululizo, ufike alfajiri, uvae buti, uzoe kinyesi, uoshe vyombo vya maji na uokote waliokufa usiku. Kuku wa nyama huchukua takriban wiki tano hadi sita kufikia kuuzwa, kwa hiyo kundi moja utalishuhudia kuanzia vifaranga hadi sokoni. Weka mtaji wa vifaranga mia moja, kwa fedha ambayo ugonjwa wa mdondo ukiipitia hutakopa ada ya watoto. Kama Jumamosi ya sita utaamka kabla ya kengele ukiwa na hamu ya kwenda, nitakuwa nimekosea na nitafurahi kukosea. Hapo utatoa notisi, ambayo kwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi si chini ya siku 28, na utadai cheti chako cha utumishi. Na kama utakuta kwamba raha yako yote ni pale unapokaa na shemeji kukagua daftari lake la mauzo, hilo nalo ni jibu.

Kuna jambo ambalo watu wa siku hizi hawaambiwi, kwamba ajira hailazimiki kubeba furaha yote ya mtu. Shaaban Robert aliingia serikalini kama karani wa forodha mwaka 1926 na akaendelea kuwa mwajiriwa wa serikali kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na mashairi yaliyotuachia lugha hii ikiwa na utajiri ilionao yaliandikwa na mtu mwenye mkuu wa ofisi juu yake. VICOBA ya mtaani kwenu haitakulipa mshahara, lakini mtaani kwenu hakiwezi kuwa kikundi kimoja tu kinachogombana kila mwaka siku ya kuvunja. Jumamosi mbili kwa mwezi zingeweza kukutosha.

Mama yako mzungumzie baada ya likizo, na mwambie habari ya usiku ule wa VICOBA kabla ya kumwambia habari ya kuku. Aliuza shamba ili uwe na elimu inayofaa watu; nadhani atakuelewa kuliko unavyotarajia.

SWALI: Shikamoo. Nina miaka 27, nina shahada ya ualimu, na kwa miaka mitatu nimeomba ajira bila kupata. Sasa naendesha bodaboda hapa Mwanza. Pikipiki ni ya mkataba, imebaki miezi mitano iwe yangu. Riziki napata na mdogo wangu namlipia ada, lakini kila ndugu akipiga simu huuliza, "Umeshapata kazi?" nami hujibu, "Bado." Nitaipendaje kazi ambayo hata mimi mwenyewe nasema sina?
Kijana wa Kijiweni, Mwanza

JAWABU: Marahaba, mwanangu. Swali lako umelijibu nusu. Siwezi kukuambia kwamba bodaboda ni sawa na darasa kwako, kwa kuwa ulisomea darasa na unalikosa, na huzuni hiyo ni ya haki. Lakini neno "bado" linafuta kila siku saa kumi na mbili za jua, vumbi na mvua ambazo zinamweka mdogo wako shuleni. Ndugu akipiga simu tena, mjibu mambo mawili yaliyo kweli yote: "Naendesha bodaboda, na ualimu naendelea kuomba." Jibu hilo likisemwa kwa sauti isiyoomba radhi, ndugu huacha kuuliza.

Ualimu nao usiuache ulale hadi ajira itoke. Kijiweni kwenu wapo madereva wanaosaini mikataba ya pikipiki wasiyoielewa, wakalipa hesabu ya kila siku bila kuandika popote, na mwisho wakaambiwa bado wanadaiwa. Wakusanye wakati wa jua kali abiria wanapopungua, uwafundishe kusoma mkataba mstari kwa mstari na kuweka daftari lenye tarehe, kiasi na saini ya aliyepokea. Anza na la kwako. Na miezi mitano ikifika ukingoni, kabla ya kukabidhi fedha ya mwisho, kubaliana na mwenye pikipiki siku ya kwenda Mamlaka ya Mapato (TRA) kuhamisha umiliki, mwende pamoja, na usiondoke bila uhakika kwamba kadi itasomeka jina lako.