Mtoto wetu anakuja kutoka ng'ambo, tujiandaeje?

SWALI: Mimi na mume wangu tunakamilisha taratibu za kuasili mtoto wa miaka minne kutoka nchi nyingine. Hatuijui lugha yake, na watoto wetu wawili wanamsubiri kwa hamu kubwa. Tuanzie wapi?

JIBU: Hongera, dada. Kwanza hakikisheni mamlaka za nchi zote mbili zimeridhia, kwani Mkataba wa Hague wa mwaka 1993, yaani mkataba wa kimataifa kuhusu kuasili watoto kati ya nchi na nchi, unadai hivyo kwa nchi zilizouridhia, na unataka pia kumbukumbu za asili ya mtoto zihifadhiwe. Ombeni nakala mnazoruhusiwa kuwa nazo. Siku moja atauliza alikotoka, na ni haki yake kujibiwa.

Waulizeni walezi wake wa sasa analalaje, anakula nini, na nini humtuliza anapolia, kisha jifunzeni kwa lugha yake maneno ya njaa, maumivu, hofu na haja. Kwa wiki za mwanzo, nyinyi wawili ndio mumlishe, mumwogeshe na mumbembeleze, huku wageni wakisubiri, hata bibi na babu, ili atambue wazazi wake ni akina nani. Watoto wenu waambieni mapema, bila kuwaficha, kwamba huenda mwenzao akakataa kukumbatiwa au akalia usiku kucha, kwa sababu anaomboleza watu na mahali alipopazoea. Jina lake mlihifadhi, nawasihi sana.