Moyo ninao, weledi je?

SWALI: Assalaam aleikum. Nafundisha PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, hapa Lamu, darasa la watoto 30. Kazi hii naipenda kwa dhati, na wazazi wanalijua hilo. Mkuu wangu aliponikagua alisema moyo ninao, ila weledi bado. Kwa watoto wadogo, moyo si ndio weledi wenyewe?
Mwalimu, Langoni

JIBU: Waaleikum salaam, mwalimu. Bila moyo huko usingefika, kwani mtoto wa miaka 4 hajifunzi kwa mtu anayemwogopa. Lakini mapenzi yasiyo na mpango huwafuata wanaoyavuta. Mchangamfu anayekukimbilia mlangoni hupata maneno mengi, na mkimya wa pembeni humaliza wiki hajaulizwa kitu. Wala hutagundua, maana darasa zima linakupenda.

Dawa yake ni daftari. Kila siku watazame watoto 6. Kufika Ijumaa wote 30 umewapitia. Mstari mmoja kwa kila mtoto unatosha, mradi uandike ulichokiona, si hukumu: “Amepanga vifuu 4 kwa ukubwa, cha 5 kikamshinda,” wala si “mvivu wa hesabu.” Kazi za wiki ijayo zipange kutokana na mistari hiyo.

Jihadhari pia na huruma ya kumfanyia mtoto kila kitu. Ukimshika mkono ili aandike, anayeandika ni wewe. Vidole vyake havijakomaa kwa kalamu. Mpe kwanza unga wa kufinyanga, shanga kubwa za kutunga, makombe ya pwani ya kuchambua, yawe makubwa yasiyomezeka. Ukiuliza swali, hesabu kimoyomoyo hadi 3 kabla ya kusaidia. Wengi jibu wanalo, hasa anayezungumza Kiamu, Kiswahili cha Lamu, nyumbani kisha akaulizwa kwa Kiingereza. Muulize kwa lugha ya kwao; mtaala unaruhusu.

Vifaa viandae jioni. Kipindi ni dakika 30, na ukitumia 10 kutafuta kalamu za rangi, watoto wataanza kusukumana, nawe utaanza kupaza sauti.

Tena, mtu asikwambie kwamba kwa kuwa unaipenda kazi, mshahara unaweza kungoja. Tangu Katiba ya 2010 elimu ya chekechea ya umma iko chini ya kaunti. Kama umeajiriwa huko, barua ya ajira ni haki yako, idai.

Mkuu akirudi, mkabidhi daftari kabla hajaketi, umwombe awatazame wale wakimya.